Sanduku la Deo na Maneno ya Mama

Mume wangu Deogratias ana ugonjwa wa kufungua vitu. Redio ikikoroma, anaifungua. Pasi ikiwa nzima anaifungua vilevile, aone kwa nini ni nzima. Nilipoolewa naye nilidhani ni ujuzi. Siku hizi najua ni ugonjwa, na dawa yake sijaipata.

Yeye ni Mpogoro wa Mahenge, mimi Prisca ni Mluguru wa Matombo, na nyumba yetu iko Kihonda, hapa Morogoro. Milango ya biashara ilipofunguliwa na vitu vya nje kuanza kumiminika, alinunua kamera ya mitumba akawa mpiga video. Harusi, kipaimara, misiba, kuanzia Kilakala hadi vijiji vya misheni huko juu milimani. Anarekodi kwenye kanda, kisha anahamishia kwenye kompyuta. Kufikia mwaka ule wa mgao mkubwa wa umeme, tulikuwa na kompyuta tatu sebuleni, zote zimejaa pomoni. Nusu ya harusi iko hapa, nusu iko kule. Anatafuta kutwa, nami namcheka: "Bibi harusi wako katoroka tena?"

Dawa aliijua: sanduku moja lenye diski kubwa, liunganishwe kwa nyaya na kompyuta zote tatu, kila kitu kikae humo. Ugomvi ukaja kwenye kununua au kuunda.

Mikidadi, muuza kompyuta wa Msamvu, alisema ataleta la dukani kutoka Dar. Dogo kama mkebe wa biskuti, ndani diski mbili, unachoweka kwenye hii kinajinakili kwenye ile. "Shemeji, unachomeka, unasahau," akaniambia.

"Nisahau?" Deo akadakia. "Likifa nimpelekee nani Morogoro hii? Limefungwa kama tabernakulo ya kanisani! Mimi nachukua kompyuta chakavu iliyotupwa na ofisi, naweka diski zangu mbili, nafanya kazi ileile. Likiugua, najua linaumwa wapi."

"Litakaa mezani matumbo nje mwaka mzima," nikamwambia.

"Afadhali matumbo ninayoyajua."

Miezi miwili hiyo! Asubuhi kununua, jioni kuunda. Ningemwachia achezee vyuma vyake, lakini mimi nilikuwa na jambo langu. Humo ndimo yangekaa maneno ya mama.

Kwetu Uluguruni mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mama alizaa mabinti wawili, mimi na mdogo wangu Cecilia, nami nimezaa wavulana watupu. Cecilia ndiye tuliyemtegemea kuuendeleza ukoo, naye akachagua utawa. Mama akamwambia, "Umenifungia mlango," na siku anaondoka hakumpa baraka. Cecilia akaenda na shirika lake Kongo, miaka tisa. Kila barua ilikuwa na swali lilelile: mama amenisamehe? Nami kila barua nilijibu habari za mvua na mahindi, maana ningesema nini?

Mwezi wa tano mwaka ule mama alikuwa kwetu Kihonda, moyo wake umechoka. Siku moja akamwita Deo chumbani na kamera. Nikakaa kitandani kusikiliza. "Wewe toka," akaniambia. "Kafukuze kuku wasipige kelele. Haya ni ya Cecilia."

"Na Deo?"

"Deo hajui Kiluguru."

Basi nikatoka, nimenuna, nikafukuza kuku. Baada ya nusu saa mama akatoka anafuta macho. "Nimemaliza naye," akasema. "Akija likizo Desemba, na mimi nisipokuwepo, atayasikia. Asiyafungue mtu." Hatukuyafungua. Mama yangu hakuwa mtu wa kukataza mara mbili.

Kwa hiyo nilitaka la dukani, lenye dhamana na karatasi yake. Deo akashinda, kwa sababu Deo hushinda kwa kuanza kazi watu bado wanabishana. Nilirudi kutoka sokoni nikalikuta mezani. Na kweli, likafanya kazi! Alilifungia betri ya gari ili umeme ukikatika lisishtuke. Harusi zote zikapata makao, na maneno ya mama yakahamia humo bila kusikilizwa, kompyuta zikabaki tupu. Nikalifunika kitambaa alichofuma mama, maana ubaya wake ulikuwa ubaya kweli, lakini moyoni nilimvulia kofia.

Mikidadi alikuja kulitazama, akalisifu, akatia neno moja. "Diski mbili kwenye sanduku moja, likipatwa na jambo zimepatwa zote. Zile kanda msiziguse. Zipelekeni hata kwa ndugu."

Sasa nisikilizeni nilivyojibu. "Kanda zikae za nini? Kila wiki tunanunua mpya na hizi zipo? Si ana sanduku lake la ajabu? Azirudie, arekodi juu yake." Nilisema mimi, kwa mdomo wangu huu. Nilikuwa bado nina hasira ya kushindwa, nikataka kumchokoza. Deo akaona nimemkubali, akafurahi, akazirudia. Kanda ya mama ikaenda kurekodi ubarikio wa watu wa Kilakala.

Mama akafariki katikati ya Novemba. Msiba ukawa kwetu kabla ya kumpandisha Matombo, na mchana huo wakaja watani. Mtani wa ukoo wetu ni Kibwana, mzee mwingi wa maneno. Msibani mtani ana ruhusa zake. Atavaa nguo za marehemu, atamwigiza, atabeba kitu chako akuambie ukikomboe. Hakasirikiwi. Ukikasirika unatozwa faini, na aibu ni yako.

Kibwana akaingia sebuleni amejitanda khanga ya mama, anakohoa kama mama. Watu wakaangua kicheko huku wanalia. Akaona kitambaa kile. Akafunua. "Kumbe mmemficha huku!" Sanduku lilikuwa linanguruma. Akang'oa nyaya, akalibeba mgongoni kwa khanga. "Huyu ndiye mjukuu wa kike mliyemnyima marehemu! Nambembeleza! Nani atamkomboa?" Akacheza. Akacheza tena, anakata nyonga. Fundo la khanga likafunguka.

Lilianguka sakafuni, kwenye saruji. Sauti yake sijaisahau.

Nilimtazama Deo. Alikuwa anacheka. Anacheka macho yako sakafuni, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa. Akatoa jogoo kulikomboa. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, huku natamani kumng'ata Kibwana sikio.

Tulipotoka kuzika, Deo akalifungua. Diski moja ilikuwa inagonga kama mtu aliye nje ya mlango. Ya pili haikusema kitu. Akazipeleka Dar kwa fundi anayesifiwa, akarudi nazo kwenye mfuko wa rambo. "Zimekwaruzika ndani, zote mbili," akasema, akaketi. Sikumwambia "si nilisema tununue." La dukani Kibwana angelibeba kwa mkono mmoja, tena angelirusha juu. Tuligombana miezi miwili juu ya sanduku, na kanda nikaifuta mimi.

Cecilia akafika wiki ya kwanza ya Desemba, amekonda, mkoba mmoja. Hakuuliza kaburi. "Barua yako ilisema kuna maneno yangu."

Nikamweleza yote, ya kanda nikiyataja kwanza. Alisikiliza mikono ikiwa magotini. Kisha akamgeukia Deo. "Shemeji, wewe ulikuwepo. Alisema nini?"

"Dada, sijui Kiluguru," Deo akasema, na machozi yakamtoka mtu mzima yule. "Nilikuwa natazama sauti isizidi. Alisema muda mrefu. Alilia kidogo. Mwishoni akaomba maji, akapaliwa, yakamruka."

"Akapaliwa vipi?"

"Aliweka maji mdomoni, hakumeza. Akasogea karibu na kamera, yakamtoka pwaa! Mara mbili. Lenzi nzima ikaloa. Nikanung'unika, nikapangusa kwa shati. Sikuwaambia, nikadhani ni ugonjwa."

Cecilia akasimama. Kwetu mama akimbariki mtoto anayekwenda mbali, humpulizia maji usoni kwa mdomo wake, mara mbili. Ndiyo baraka aliyomnyima miaka tisa iliyopita, pale mlangoni.

"Kamera iko wapi?" Cecilia akauliza.

Deo akaileta. Cecilia akapiga magoti sakafuni, palepale lilipoangukia sanduku, akavua kifuniko cha lenzi, akakilaza kipaji cha uso kwenye kile kioo. Akakaa hivyo, mabega yanatikisika. Aliyoambiwa hayajui hadi leo, wala mimi siyajui.

Deo, kwa mazoea yake, akavuta pindo la shati. "Kina vumbi, dada, ngoja nipanguse."

Nikamshika mkono. "Usipanguse tena."