Godoro Lisilo Kunguni

Mfaume Lipande alipata leseni ya kushona magodoro Temeke tarehe 14 Aprili 1969, na tangu siku hiyo hajafanya kazi nyingine. Kabla ya hapo alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini, baada ya kuja mjini kutoka Newala akiwa kijana. Mkewe amefariki. Binti yake wa pekee, Mauwa, ameolewa Manzese katika nyumba ya Bi Jokha, mwanamke wa Kiarabu mwenye duka dogo la mchele na mafuta ya taa. Mume wa Mauwa, Jaffar, ni mtoto wa Bi Jokha, na kazi yake ya udereva wa lori humweka safarini muda mrefu.

Magodoro ya Mfaume ni ya sufi. Sufi hutolewa mbegu, hupigwa kwa fimbo mpaka ikaumuka, kisha hushindiliwa ndani ya kitambaa cha mistari na kushonwa kwa sindano ndefu. Kazi hii huifanya chumbani, kwa sababu nje upepo huipeperusha sufi mpaka kwa majirani. Humo humo analala na humo humo anapika.

Adui wa fundi magodoro ni kunguni. Mteja akiumwa usiku hatasema kunguni wametoka kwenye ufa wa ukuta wake. Atasema fundi kamuuzia kunguni. Mwaka 1976, masika yalipokwisha, malalamiko yalizidi. Mteja mmoja alilirudisha godoro mchana, watu wakitazama, akalibwaga kizingitini.

"Chukua mifugo yako," alisema, akaenda zake.

Aliyemletea Mfaume dawa ni jirani yake Alfonsi, mpakiaji katika ghala moja la pembejeo. Ilikuwa dawa ya unga, ya kupulizia pamba shambani, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni usio na maandishi yoyote.

"Huko shamba inaua funza wa pamba," Alfonsi alimwambia. "Itashindwa na kunguni wa Temeke?"

Mfaume alitia kiganja kimoja katika sufi ya godoro zima, akachanganya kwa mikono. Kunguni hawakuonekana tena. Habari zikatembea, na wateja wakaanza kuagiza kwa jina: godoro lisilo kunguni. Kila alipochanganya, alijifunga kitambaa puani kuzuia vumbi la sufi, na kitambaa hicho hicho alijipangusia jasho.

Baada ya muda macho yakaanza kumtoka machozi. Kifua kilibana, mate yakamjaa kinywani, ukope wa jicho ukawa unachezacheza wenyewe. Hakushangaa. Mafundi wa sufi wote hukohoa, na umri ulikuwa umesogea. Aliposhindwa kutia uzi kwenye sindano, alimwomba mpangaji mwenziwe amtilie, akaendelea kushona.

Mauwa alijifungua mtoto wa kiume katikati ya kipupwe. Kwa kawaida mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama mzazi, na arobaini hulelewa huko. Kwa kuwa Mauwa hana mama, arobaini ililelewa na mkwewe. Mfaume alitaka naye awe na mchango, akamshonea binti yake godoro jipya, la sufi teule. Dawa akaitia maradufu, asije mdudu hata mmoja akamgusa mjukuu. Alilipeleka mwenyewe. Chumba cha mzazi mwanamume haingii, hata akiwa baba, kwa hiyo alilikabidhi mlangoni, akaletewa mtoto ukumbini, akamtazama, akarudi Temeke akiwa na furaha.

Siku aliyoanguka dukani akinunua uzi, watu walimpeleka zahanati. Muuguzi wa zamu, Filomena, alimmulika machoni kwa tochi. Mboni zilikuwa ndogo kama tundu la sindano, na mwanga haukuzibadilisha.

"Mzee, unafanya kazi gani?"

"Magodoro, mwanangu."

"Unatumia dawa ya wadudu?"

"Natumia. Lakini dawa ni ya kunguni, si ya kwangu mie."

"Kunguni na wewe mnalala chumba kimoja," Filomena alisema. "Vua shati."

Aliogeshwa kwa sabuni kichwani mpaka miguuni, akachomwa sindano, akalazwa kwenye benchi. Kifua kilipofunguka, Filomena alimweleza. Dawa ya namna ile huwakamata mishipa ya fahamu wadudu, na binadamu humfanyia vivyo hivyo. Si lazima mtu ainywe. Huingia kwa pumzi, huingia kwa ngozi, na ngozi yenye jasho huipitisha upesi zaidi. Dawa ya shamba ina nguvu kuliko ile inayouzwa kwa matumizi ya nyumbani, na hata hiyo ya nyumbani haiwekwi mahali pa kulala.

"Nani mwingine analalia hayo magodoro?"

"Wateja. Na binti yangu, kajifungua juzijuzi. Mjukuu wangu mstaarabu huyo! Halii. Majirani wanakuja kumtazama kwa kutolia kwake."

Filomena aliweka tochi mezani.

"Halii kabisa?"

"Hata kwa njaa."

"Inuka, mzee. Unaweza kutembea?"

Mganga msaidizi alimruhusu muuguzi aondoke, wakapanda basi la UDA hadi Manzese. Filomena alitaka kujua chumba kikoje. Mfaume alijibu kwamba kiko kama vyumba vyote vya arobaini: madirisha yamefungwa, chungu cha makaa kinawaka, mzazi kafunikwa apate joto. Chumba chenye joto na kisicho na hewa, na mtoto mchanga anayetoka jasho juu ya unga ule, ndicho kitu ambacho Filomena hakutaka kukisikia.

Bi Jokha aliwakuta ukumbini.

"Karibu, mkwe. Mbona umekonda hivyo? Na huyu bibi ni nani?"

"Starehe, mkwe. Nimekuja kuchukua godoro."

"Godoro lipi?"

"La Mauwa."

Katika nyumba kama zile godoro la mke huja naye, na huondoka naye akiachwa. Baba wa mke akija kulidai, hana haja ya kueleza zaidi.

"Nimekukosea nini, Mfaume?" alisema, na neno mkwe likawa limeanguka. "Mwanao nimemlea kama wangu. Supu ya pweza anakunywa, mwili anakandwa. Kama unamtaka mwanao, sema unamtaka mwanao. Usianzie kwenye godoro!"

"Simtaki mwanangu, mkwe. Nataka..."

"Humtaki! Mnamsikia?"

Wanawake wawili majirani walikuwa wamekwisha kusimama mlangoni. "Bi Jokha, Jaffar anajua kwamba anaachana?" mmoja aliuliza.

"Nenda kapike, wewe!"

Filomena aliingia kati kwa sauti ya chini. "Mama, shikamoo. Mie muuguzi. Baba huyu ametoka kuchomwa sindano ya kutibu sumu sasa hivi, na sumu hiyo ameitia kwenye godoro bila kujua. Mtoto amenyonya leo?"

Hasira ya Bi Jokha haikwisha, ila ilikosa pa kwenda. "Ananyonya kidogo. Analala. Kwetu hatuzai watoto wa makelele."

"Naomba nimwone."

Bi Jokha alimtazama Mfaume, aliyekuwa ameshika ukuta asianguke. Kisha akamfungulia muuguzi mlango.

Mauwa alikuwa akiumwa kichwa na kuona vitu kwa ukungu, na kila mtu, yeye mwenyewe akiwamo, alisema ni damu aliyopoteza. Mtoto alikuwa ameloa jasho. Mate yalimtoka pembeni mwa mdomo. Filomena alimpiga unyayo kwa kidole, jambo ambalo mtoto yeyote hulilia. Huyu alisogeza mguu kidogo tu. Mboni zake zilikuwa kama za babu yake.

Madirisha yakafunguliwa, makaa yakatolewa. Mtoto aliogeshwa kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, mama yake naye akaoga, nguo zao zikawekwa kando. Bi Jokha alikimbilia maziwa.

"Nimpe kijiko kimoja, yakate sumu."

"Usimpe, mama. Maziwa hayakati sumu hii, na mtoto aliyelegea hivi yatampalia yaingie kwenye mapafu. Dawa yake iko hospitali."

"Arobaini haijatimia. Hawatoki nje hawa."

Filomena alimweka mtoto mikononi mwa bibi yake, akamwacha amshike. Bi Jokha aliuona uzito ule uliolala mikononi bila kujikaza. Alivua buibui lake, akamvika Mauwa.

"Mkwe!" aliita kuelekea ukumbini. "Katafute teksi. Unasimama hapo kama nguzo, unangoja nini?"

Hospitalini mtoto alichomwa sindano, akachomwa tena, akawekewa mpira wa hewa. Siku ya kwanza daktari hakuwaahidi chochote, na Mfaume alikaa kwenye ngazi za nje. Siku ya pili mtoto alinyonya. Siku ya tatu alilia, na hakunyamaza mpaka wagonjwa wengine wakalalamika. Mauwa alipona pole pole zaidi. Kichwa kilimwuma kwa majuma kadhaa.

Bwana afya wa eneo alikataza godoro lisichomwe moto, kwa kuwa moshi wake ungeingia nyumba za watu. Lilichanwachanwa kitambaa asije mtu akalifukua na kulilalia, likazikwa kwenye shimo refu mbali na visima. Mfuko ulioletwa na Alfonsi bwana afya aliuchukua mwenyewe.

Magodoro mengine yako nje, na Mfaume anayajua yote kwa wenyewe. Tangu alipopata nguvu amekuwa akipita mlango kwa mlango, akiahidi kushona jipya bila malipo, la sufi tupu, ambalo mwenye godoro atakuwa akilianika juani kila juma na kumwagia maji ya moto kwenye nyufa za kitanda. Wengi wamekubali. Wachache wamemcheka.

Anayekataa kabisa ni Eufrazia, mchuuzi wa samaki wa Chang'ombe, anayelala godoro moja na wanawe wawili.

"Watoto wangu wanalala usingizi wa pono," alimwambia juzi. "Mie nikupe godoro, kunguni warudi, watoto nije niwalaze kwako?"

Kesho asubuhi Mfaume anarudi Chang'ombe. Filomena amekubali kwenda naye, awamulike watoto wale machoni.