Salamu Zilizomfuata Kaka Yangu Ggaba

Admin, nifichie jina, maana ninayemsema bado yu hai na humu humu anapita kusoma.

Mimi ni mama wa miaka sitini na tisa, mjane, naishi Kampala. Nimelelewa katika kambi ya polisi. Baba alikuwa koplo kutoka kaskazini. Kila siku nawaona vijana kwenye ukurasa huu mkilalamika kwamba mmetoa mix na haisikilizwi. Mnashauriana: tajeni watu kwa majina, wasalimieni, watasambaza wenyewe. Nikisoma hayo damu inanichemka. Basi ngoja niwaambie yetu ilifikaje mbali.

Enzi za utawala wa wanajeshi nilikuwa msichana, nauza santuri katika duka moja Nakivubo. Mwenyewe, Mhindi, alikuwa amefukuzwa nchini, duka akapewa bwana mmoja asiyejua hata sindano inawekwa wapi. Kwa hiyo mashine zilikuwa zangu. Kulikuwa na kijana, nitamwita Sauti, aliyejiita DJ. Alichoweza ni kuongea tu. Mimi ndiye niliyechagua nyimbo na kuziunganisha kwenye kaseti, hii ikishuka ile inapanda, bila pengo. Halafu yeye anatia maneno yake juu, anatoa nakala, tunawagawia madereva wa teksi, vinyozi na kantini za askari. Siri ilikuwa salamu. Ukimtaja dereva kwa jina, ataipiga kaseti yako kutwa, na abiria watakuja dukani kuiulizia.

Kaka yangu Juma alikuwa fundi wa magari jeshini. Wenzake walipoanza kupotea mmoja mmoja, akatoroka kambi. Akajificha Ggaba, kando ya ziwa, kwa wauza samaki, akitafuta njia ya kuvuka kwenda Kenya. Mkewe alikuwa na mimba. Sauti alijua yote hayo, maana ndiye niliyemtuma ampelekee nguo. Nilimwambia waziwazi, "Jina ya Juma isitoke kwa mdomo yako." Akaapa kwa mama yake mzazi.

Siku moja nimepanda teksi, dereva ameweka kaseti yetu mpya. Nimekaa najisifu kimoyomoyo kwa jinsi nilivyounganisha, mara naisikia sauti ya yule mshenzi: "Salamu kwa Juma, fundi ya magari, iko Ggaba nakula samaki! Juma, usisahau sisi ya mjini!" Nilipiga kelele. Nikamsihi dereva azime. Alicheka. "Nnyabo, bibi yangu, hata ukizima hii, teksi zote ziko nayo."

Nilikimbilia Ggaba siku hiyo hiyo. Nimefika, wameshamchukua. Mama aliyekuwa amemficha alikuwa amekaa chini, samaki wake wamemwagika. Akaniambia wanaume wenye miwani myeusi, watu wa usalama, walikuja wakiuliza, "Iko wapi Juma ya kaseti?" Wakamtia Juma kwenye buti ya gari. Hatukumwona tena, na kaburi hatuna.

Nilipomfuata Sauti hakuona haya hata kidogo. "Dada, mimi nilitaka watu ya Ggaba wachukue kaseti. Salamu ndiyo inauza." Kisha akaongeza, "Lakini umeona vile imetembea?" Namchukia mpaka leo kwa sentensi hiyo kuliko hata kwa salamu. Matangani hakuja. Akaenda Nairobi, kisha Ulaya, na huko akajisifu kuwa ndiye aliyefundisha Kampala kucheza.

Nakala moja niliificha sandukuni. Ni ushahidi, na pia jina la kaka yangu limo. Mwaka huu binti yake Juma, yule aliyekuwa tumboni, ambaye nimemlea mimi, ameiona na kuipeleka ihamishiwe kwenye simu. Ni mtu mzima, lakini alipolisikia jina la baba yake alilia kama mtoto. Picha ya baba hana. Hajawahi kusikia mtu wa nje akimtaja kwa furaha. Mimi nilishamwambia kwamba baba yake alichukuliwa na askari, basi; habari ya salamu sikuitaja. Akaweka kipande chake mtandaoni, na watu wakakipenda.

Na nani amejitokeza? Sauti! Amerudi mzee wa fimbo, wajukuu wake wanamtangaza. Amempigia binti yangu simu: "Baba yako alikuwa rafiki yangu kabisa." Wanataka kuitoa mix yote kwa sherehe hapa mjini, mzee akiwa jukwaani na binti yangu kando yake. Mimi nimepangiwa kiti cha mbele. Mtoto, ambaye huniita Senga, yaani shangazi, ananiambia, "Senga, jina ya baba itafika dunia yote!" 

Natamani nipande jukwaani nimvue nguo mbele ya watu wote. Lakini nikimvua yeye, ninamnyang'anya mtoto furaha pekee aliyopata kwa baba yake. Nikinyamaza, yule mtu atapigiwa makofi kwa maneno yale yale yaliyompeleka kaka yangu.

Ninapoandika hapa namsikia mtoto chumba cha pili. Anairudisha kaseti ile nyuma kwenye simu, pale pale kwenye salamu, na Sauti akicheka humo, naye mtoto anacheka pamoja naye. Ninyi mnaojua kusambaza mix, nishaurini na hili: nimwambie, au nimwachie salamu za baba yake?