Mandalala ya Avenue Lobaye

Kisangani, mwenye pikipiki akikuta mandalala barabarani anazima moto wa injini, anashuka, anasukuma. Mandalala ni majani mabichi ya mchikichi yanayowekwa pande mbili za avenue penye msiba, ili kila apitaye ajue kwamba hapo kuna maiti na watu wamelala chini. Anayesukuma huuliza kwa sauti ndogo, "Nani amekufa?" Hutajiwa jina, husema pole, halafu huenda kuwasha mbele huko. Hata askari wa mji huu, ambao hawashuki kwa mtu, hapo hushuka. Ndiyo maana wafiwa hutandika mikeka katikati ya barabara na kulala usingizi wa kweli. Nani avuke mandalala?

Edouard alikulia ndani ya desturi hiyo. Mama yake, Mbambu, alishuka kutoka Butembo akiwa msichana, amekaa juu ya magunia ya maharage. Akaanza kuuza kwa kopo, akaishia kuuza kwa jumla, akazeekea Avenue Lobaye, katika komini iitwayo Kisangani kama mji wenyewe, na kila mtu wa pale alikuwa amekula maharage yake walau mara moja. Mwanawe aliendesha lori la maharage hayo kwenye barabara ya Banalia mpaka mgongo ukamkatalia. Alikuwa dereva makini, mkimya, asiyependa honi. Majirani walimtania kwa jambo moja tu: ukimpa Edouard amri, anaitekeleza mpaka inaanza kunuka.

Kisha ukaja mradi wa gari linalojiendesha. Usicheke, walikwisha kucheka wengi. Mji ambao mvua ikinyesha hujui barabara iko wapi na mto uko wapi, ukaletewa basi dogo la umeme lisilo na usukani. Wakubwa walisema miji yote ya dunia inajiandaa, kwa nini sisi tuwe wa mwisho kama kawaida yetu? Basi Avenue Lobaye ikamwagiwa lami na kuchorwa mistari myeupe. Akina mama wauza kwanga, mikate ya muhogo, wakasukumwa nyuma ya mtaro. Toleka, zile baiskeli zinazobeba abiria mji mzima, zikapewa ukingo mwembamba na kuambiwa zishukuru. Basi lenyewe watu waliliita Yatima, kwa kuwa halikuwa na mtu wa kulishika mkono.

Mtu alikuwepo, lakini wa muda. Wakati Yatima akijifunza barabara, mwangalizi alikaa ndani, mbele, kidole karibu na kitufe chekundu cha kusimamisha. Mwangalizi huyo alikuwa Edouard. Kazi yake ya pili ilikuwa kuhakikisha avenue iko safi kabla ya safari ya kwanza ya asubuhi. Aliipenda kazi ile, tuseme ukweli. Mgongo wake ulikwisha kumwambia hatakaa tena nyuma ya usukani, na hapa alipewa gari lisilotaka mgongo.

Yatima alikuwa na ugonjwa mmoja: aliogopa majani. Avenue Lobaye ni njia ya kwenda sokoni, na kila toleka hudondosha kitu, mara jani la ndizi, mara pondu, majani ya muhogo, mara tawi la kufungia samaki. Yatima akiona jani, anasimama. Nyuma yake pikipiki zinapiga kelele, watoto wanakuja kumzomea. Mkuu wa mradi, ingénieur Eddy, kijana wa Isangi aliyesomea mbali na kurudi na adabu zake zote, alikuja kukaa kando ya Edouard ajionee.

"Papa Edouard, donc atasimamaka ivi kwa kila jani?"

"Njo ivi, ingénieur. Jana amesimama juu ya ganda ya ndizi."

"Bon, tunamufundisha. Akisimama, weye unafinya hapa: majani, pita. Kila mara. Nyuma ya siku chache atazoea."

Edouard akafinya. Alifinya juma baada ya juma, kwa umakini ule ule aliokuwa nao barabara ya Banalia, mpaka Yatima akaanza kukanyaga majani bila kusita. Watoto wakachoka kumzomea. Edouard aliona fahari, akamsimulia mama yake mezani namna gari lilivyopona.

Mandalala hakuna aliyeifikiria. Itafikiriwaje, na mradi ulikwisha kuipiga marufuku? Amri ilisema msiba ufanyike ndani ya parcelle, uani mwa nyumba, nyuma ya ukuta, si barabarani. Kwa hiyo Yatima hakuwahi kuiona hata siku moja.

Wa kwanza kufiwa chini ya amri hiyo alikuwa mama Julie, muuza samaki wa kukausha, jirani wa nyumba ya pili. Mumewe, Célestin, alikuwa mtu wa toleka, homa ikamchukua upesi. Asubuhi Edouard alipotoka kukagua avenue, aliikuta mandalala imelazwa, mbichi, na Julie amekaa kando yake na kitambaa kichwani.

"Papa Edouard, ile iko mandalala ya bwana yangu."

"Ninajua, mama Julie. Pole sana. Lakini amri iko amri."

"Alors batu batajua namna gani kama Célestin amekufa?"

Edouard angeweza angalau kukaa chini kando yake. Yeye aliinama akayaokota majani moja moja, akayapanga vizuri kando ya ukuta wa Julie, akamwomba msamaha, akaenda kupanda Yatima. Célestin alililiwa nyuma ya nyumba, kati ya choo na banda la mbuzi, wakati pikipiki zikipita mbele na muziki wake. Hakuna aliyezima moto. Hakuna aliyeuliza jina.

Mbambu alikuwa huko nyuma, na uzee wake, anaosha masufuria ya msiba. Jioni alirudi nyumbani mikono imejikunja kwa maji, akasimama mbele ya mwanawe.

"Edouard, miye nikikufa, unanilaza barabarani. Batu baulize jina yangu. Unasikia?"

"Mama, usiseme ivi."

"Nimekuuliza kama unasikia."

"Ninasikia, mama."

Alikufa mvua zilipoanza, katikati ya sentensi, akimwambia mjukuu wake afunike maharage. Na hapo avenue nzima ikamgeukia Edouard. Mkuki kwa nguruwe mtamu, walinong'ona, sasa tuone kwa binadamu. Alikuwa na ahadi kwa maiti na amri kutoka kwa wazima, na vyote viwili vilikuwa vyake.

Angeweza kumwomba Eddy afunge njia. Lakini Edouard alijijua. Eddy angelazimika kukataa, na neno likishakataliwa kwa mdomo, yeye Edouard angetii, na mama yake angelala kati ya choo na mbuzi. Kwa hiyo hakuomba. Alichukua ruhusa ya kuzika, basi.

"Zika mama kwa amani, papa," Eddy alimwambia, akimshika mikono yote miwili. "Benie atakaa ku kiti yako."

Benie! Moyo wa Edouard ukatua. Benie, msaidizi wake kazini, alizaliwa komini ya Mangobo, kwao kila mwezi kuna matanga. Ataona mandalala toka mbali, atafinya kitufe, gari litasimama, na kesho yake Edouard ataitwa ofisini kukaripiwa. Kukaripiwa alikuwa tayari.

Akakata majani mwenyewe, mengi, marefu, akayalaza pande zote mbili za avenue, safari ya mwisho ya Yatima ilipokwisha. Turubai likafungwa juu ya jeneza, viti vikaja, mikeka ikatandikwa. Jioni pikipiki zikaanza kuzimwa. "Nani amekufa?" "Mama Mbambu." "Mama Mbambu wa maharage? Pole sana." Edouard alisimama kwenye majani na kulisikia jina la mama yake likitajwa na watu ambao hakuwahi kuwaona. Alilia kwa furaha, kama inawezekana kulia hivyo, na siku ile iliwezekana.

Watu wa avenue walikuja, lakini wengi walikaa upande wa jeneza na kumpa yeye mgongo. Julie alichelewa, alikuwa sokoni. Alipofika kila mtu alisubiri aseme kitu.

"Weye uliondoa majani yangu," alimwambia Edouard mbele ya watu. "Lakini mama yako aliosha masufuria yangu. Niko nakuja kwa mama yako."

Mikeka ilikuwa imejaa. Akatandika kitenge chake mwisho kabisa, nje ya turubai, karibu na mandalala, akaimba na wengine mpaka sauti zikaisha, akalala.

Kulipopambazuka Yatima alitoka kwa safari ya kwanza, avenue haijakaguliwa, maana mkaguzi alikuwa Edouard. Barabara ilikuwa tupu na yeye alikuwa na mwendo wa toleka ishukayo mteremko. Benie aliiona mandalala kutoka mbali, kama Edouard alivyojua ataiona. Alipohojiwa baadaye alisema kila kitu, na hakuna aliyemwona mwongo. Alisema alingoja gari lipunguze mwendo. Hakuwaza hata kidogo kwamba halitapunguza. Toka azaliwe hakuwahi kuona kitu chenye magurudumu kikivuka mandalala, na kidole chake kilikaa pale, kinangoja gari lifanye kama watu. Lilipoingia kwenye majani bila kusita ndipo akafinya.

Yatima alisimama kabla ya jeneza. Mbambu hakuguswa, wala waliolala chini ya turubai. Julie peke yake alikuwa huko mwisho.

Edouard alikuwa amelala karibu na kichwa cha mama yake. Aliamshwa na mlio wa majani makavu kidogo, mlio alioujua kutoka ndani ya gari, wa majani yakipitwa. Alielewa kabla hajafumbua macho. Ndiyo sababu hakupiga kelele kama wengine. Alikwenda, akapiga magoti, akamfunika Julie kwa kitenge kile kile alichokuwa amekitandika.

Polisi walifunga avenue kwa utepe. Mbambu akazikwa haraka haraka. Matanga ya Julie yalifanyika uwanja wa parokia, na kwenye utepe wa polisi hakuna mtu anayeshuka kuuliza jina. Ndugu zake walikuja kwa mtumbwi kutoka Isangi, wakamchukua binti yake Grâce kando, wakamwuliza yule mwanaume wa mandalala yuko wapi. Yule mwanaume alikuwa nje ya ua wa parokia, amekaa juu ya jiwe, hajaalikwa na hajafukuzwa. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, watu walisema wakimpita, na hawakumwambia.

Kulikuwa na mikutano. Wengine walitaka Yatima achomwe, na mimi ningeshika kiberiti. Lakini lami ilikwisha kumwagwa na hotuba zilikwisha kusomwa, kwa hiyo ikaamuliwa kwamba gari halina kosa, halikufundishwa tu. Lifundishwe mandalala. Eddy, aliyekonda katika majuma yale hadi shati likamzidi, alilaza magunia yaliyovishwa nguo nyuma ya majani. Yatima akajifunza magunia tu, si watu. Alihitaji mtu.

"Nitalala miye," Edouard alisema.

"Papa, hapana. Tutatafuta njia ingine."

"Ingénieur, nani alimwambia majani, pita? Ni miye. Basi amwone miye."

Kwa hiyo kila asubuhi avenue ilifungwa, Edouard akatandika mkeka pale pale mwisho, akalala chali nyuma ya majani mabichi. Eddy mwenyewe alikaa mbele, kitufe mkononi. Yatima akaja. Siku za kwanza ni Eddy aliyemsimamisha, jasho likimtiririka. Kisha Yatima akaanza kusimama mwenyewe, kwanza karibu mno, halafu mbali kidogo, halafu mbali. Edouard alilala kwa ubavu, kifudifudi, amejifunika kitenge, hajajifunika. Watoto walipiga makofi mara moja, mama zao wakawanyamazisha. Grâce alitazama kutoka mlangoni mwao, kila asubuhi, amefunga mikono.

Asubuhi ya siku ya mwisho Eddy alisema inatosha, gari limejua. Akapanda, akaondoka nalo. Edouard akainuka taratibu kwa ajili ya mgongo wake, akakung'uta mkeka, akaanza kuokota majani moja moja ili avenue ifunguliwe. Alikuwa ameshika mzigo mzima kifuani Grâce aliposhuka barabarani.

"Papa Edouard. Siku ya papa yangu uliondoa."

Akasimama.

"Leo usiondoe."

Edouard alimtazama yule msichana, kisha akayarudisha, moja moja, pande mbili, jinsi yanavyotakiwa. Akakaa kando yake. Grâce akakaa upande wa pili wa barabara, hakumsogelea. Pikipiki ya kwanza ikatokea upande wa soko na kuku wanne wamefungwa nyuma. Ikazima moto. Mwenyewe akashuka, akasukuma, akafika sawa nao, akainamisha kichwa.

"Nani amekufa, papa?"

"Mama Julie," alisema Edouard. "Na bwana yake, Célestin."

"Pole sana," yule mtu akasema, na nyuma yake nyingine ilikuwa inazima.