Rili Niliyoifunga Begani

Mmeniita nije niwasaidie kuchagua rili za kikundi, zile za kukunjia kamba ya boya. Asanteni kwa kunikumbuka. Lakini siwezi kuzungumza juu ya rili bila kuzungumza juu ya miguu yangu, kwa hivyo kaeni vizuri. Mimi ni Nyambura, wengine hapa mnaniita Mama Shiro. Nyinyi wageni mlionitazama nikiingia na fimbo mkaona haya kuuliza, leo mtajua.

Kabla ya haya yote nilikuwa na miguu mizuri. Naishi Kamenu, Thika, na mume wangu, Baba Shiro, na siku za kazi nilikuwa nafundisha watoto kuogelea kwenye bwawa moja la Kahawa Wendani. Wikendi nilipiga mbizi na kikundi hiki katika ile kwari ya mawe ya Mugutha iliyoachwa ikajaa maji. Kazi yetu mnaijua. Mtu akizama, tunaitwa sisi. Nilibeba mitungi miwili ya hewa kutoka kwa gari hadi majini bila kupumzika, na nilipenda watu wakiniona.

Kwa wale ambao hawajaanza masomo, boya ni mfuko mrefu wa rangi ya machungwa. Ukiwa chini unautia hewa, unapaa na kamba hadi juu, na walio ukingoni wanajua uko wapi. Kamba inatoka kwenye rili iliyo mkononi mwako. Rili yangu ya kwanza ilikuwa gurudumu tu la plastiki lenye tundu katikati la kutia kidole. Halikuwa na mpini wala loki. Siku moja lilinitoka likazama kwenye matope, nikalitafuta mpaka hewa ikakaribia kuniishia. Tangu siku hiyo nilikuwa na wasiwasi wa kulipoteza tena. Kwa hivyo nilipoona rili nyekundu ya chuma, yenye mpini wa kuzungusha, loki ya kuzuia kamba na klipu ya kuifunga mwilini, nikasema hii ndiyo yangu.

Asubuhi ya kuijaribu, Kimani, ambaye tulikuwa tunashuka pamoja kila mara, aliigeuzageuza mkononi.

"Hii kitu iko na mambo mingi," akasema. "Si uchukue ile ya zamani?"

"Wacha wivu."

"Sawa. Lakini usifunge kwa jaketi. Shika tu na mkono."

Nilingoja ageuke, nikaifunga kwenye bega la jaketi langu la kupigia mbizi.

Tulishuka mara mbili. Mara ya pili tulikaa chini muda mrefu, zaidi ya mita ishirini, katika maji ya rangi ya chai. Wakati wa kupanda ulipofika nikatia boya hewa. Likaondoka kwa kasi kuliko nilivyotarajia. Mpini ukazunguka ukanigonga vidole, kamba ikaruka ukingo wa rili, ikajisokota kwa ndani na kukwama. Nikahisi bega linavutwa. Nikaishika klipu nifungue, lakini ilikuwa imekazwa na mvuto wa boya, na glavu zangu zilikuwa nene. Nikapaa nalo. Nilipiga kelele njia nzima, na baadaye daktari aliniambia kelele hizo ndizo zilizookoa mapafu yangu, kwa sababu hewa ilipata pa kutokea.

Nilifika juu nikiwa naongea, kwa hivyo nikadhani nimepona. Kimani alikuja baada ya dakika kadhaa, akipanda polepole inavyotakiwa. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kaa hapo. Nakuwekea oksijeni."

"Niko sawa."

"Nyambura, huku tuko nyanda za juu, si kama bahari. Maji ya huku yana masharti yake. Kaa chini."

"Leo nina ruracio. Tata atanimaliza nikichelewa."

"Ruracio ni wapi?"

"Hapa karibu tu," nikasema.

Haikuwa karibu. Ilikuwa Njabini, kwa Tata Njeri, dada ya baba yangu. Binti yake, Wanjiku, alikuwa anatolewa mahari siku hiyo, ndiyo ruracio yenyewe. Kutoka kwetu hadi Njabini ni kupanda na kupanda mpaka masikio yanaziba. Kila mpiga mbizi hufundishwa kwamba akitoka majini asipande ndege wala mlima siku hiyo, kwa sababu hewa iliyoingia mwilini huko chini inageuka viputo. Mimi pia nilifundishwa. Lakini kichwani mwangu sikuwa naenda mlimani. Nilikuwa naenda kwa shangazi.

Nilipitia nyumbani nikavaa nguo za sherehe, Baba Shiro akashika usukani. Hata hatujafika mbali na Thika, bega lilianza kuuma kwa ndani, kama jino. Kisha tumbo likaanza kuwasha. Nikainua blauzi kidogo nikaona madoa mekundu na ya zambarau. Nikaishusha haraka.

"Una nini wewe?" Baba Shiro akauliza.

"Ni hii nguo mpya."

Nilimdanganya mtu ambaye hajawahi kunidanganya. Barabara ilivyozidi kupanda, maumivu yalizidi. Nilikuwa nasema moyoni, tukifika nitakunywa chai nitulie. Tulipofika nyayo zilikuwa na ganzi, na nilitembea nikitazama chini nione miguu inakanyaga wapi.

Desturi yetu mnaijua. Wanawake wanafunikwa leso kuanzia kichwani hadi miguuni, na bwana arusi lazima amtambue mchumba wake. Tata alinishika mkono kabla hata sijasalimia wazee.

"Wewe mko urefu moja na Wanjiku. Ingia hapo."

Nikakalishwa katikati ya wasichana na kufunikwa. Chini ya leso ile niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa chini ya maji. Nilifinya paja langu. Sikusikia kitu. Nikalifinya tena kwa kucha, nikaona ni kama nafinya paja la jirani. Nilitaka kuita, lakini watu walikuwa wanaimba na nikafikiria aibu ya kuharibu siku ya Wanjiku. Kisha mama mmoja akatangaza wanawake wote wasimame, watembee kidogo, kijana awaone vizuri.

Wenzangu wakasimama. Mimi niliiambia miguu isimame, ikakaa.

"Huyo ni mjanja!" mtu akapaza sauti. "Anamchanganya bwana arusi!"

Watu wakacheka, wanawake wakapiga ngemi, vile vigelegele vyetu. Bwana arusi akaja akasimama mbele yangu, akafikiria.

"Ni huyu. Amekataa kusimama kwa sababu anajua nitajua mwendo wake."

Akaivuta leso. Nilikuwa nimelowa jasho na machozi, na kicheko kikakatika pale pale.

"Tata," nikasema, "miguu imeenda."

"Ngai fafa!" Tata akapiga magoti mbele yangu na nguo zake za sherehe.

Baba Shiro alinibeba hadi kwa gari. Katika hospitali moja ya Thika nilikuwa sisikii chochote kuanzia kitovuni kwenda chini. Mkojo ulikataa kutoka, tumbo likavimba na kuwa gumu, wakaniwekea mpira wa kutolea mkojo. Mpira uliingia nisihisi kitu. Hapo ndipo nililia kwa sauti.

"Mama, ulianguka?" daktari akauliza.

"Sijaanguka."

"Basi leo umefanya nini?"

Nikawaambia kuhusu maji, na jinsi boya lilivyonipaisha ghafla. Baba Shiro akageuka akanitazama, kisha akampigia Kimani simu. Kimani alikuja na mtungi wa oksijeni. Sikuogopa kufokewa, nilikuwa nataka anifokee. Alisema neno moja tu, "Ulisema ni karibu."

Matibabu yenyewe yalikuwa pwani, katika chumba cha chuma cha kumrudishia mtu mgandamizo wa chini ya maji mpaka viputo vinywee. Baba Shiro aliuliza kama tunaweza kupata ndege. "Ndege itampandisha tena," daktari akasema. "Mpelekeni kwa barabara, inateremka." Nikateremka Kenya nzima nikiwa chali, oksijeni usoni, mume wangu akinishika dole gumba la mguu na kuniuliza kila mara, "Hapa unasikia?" Jibu lilikuwa lile lile.

"Nitatembea?" nikamwuliza daktari wa huko.

"Sijui, mama. Umechelewa. Lakini tutajaribu."

Niliingizwa chumbani humo siku baada ya siku. Mara ya tatu nikatoka, Baba Shiro akashika dole gumba kama kawaida, nami nikamwambia mkono wake ni baridi. Alikaa sakafuni akalia.

Nilirudi Kamenu na mpira wa mkojo na kiti cha magurudumu. Nilijifunza kusimama nikishika meza ya jikoni, halafu kutembea hadi mlangoni. Mpira ulitolewa, na siku nilipokojoa mwenyewe nilipiga simu kwa Tata kumwambia, na hakuona ajabu. Wanjiku aliahirisha harusi mpaka niweze kusimama. Nilisimama.

Namshukuru Mungu, madaktari, Tata, na Kimani ambaye hajawahi kuniuliza tena kuhusu uongo ule. Baba Shiro nitamshukuru mpaka nichoke. Lakini sitawadanganya nyinyi pia. Mguu wa kushoto una sehemu isiyosikia mpaka leo. Kila asubuhi, kabla sijashuka kitandani, nachezesha vidole kimoja kimoja, na mpaka kile cha mwisho kisogee sipumui vizuri.

Ukipaa ghafla, sema. Ukiumwa, sema. Ukiambiwa ukae uwekewe oksijeni, kaa, hata kama ruracio ni yako.

Na sasa rili. Ile nyekundu nimekuja nayo, hii hapa, kamba bado imekwama ndani. Ipitisheni mtazame. Zile za kuchagua ziko mezani. Msiniulize rangi wala mpini. Chukua moja, itie kidole, nyosha mkono, kisha fungua vidole vyote. Ikikuachia ikaanguka sakafuni, hiyo ndiyo tutanunua.