Kabati la Mvule na Jua la Lodwar

Mama alipiga simu Jumamosi asubuhi kuniambia kwamba nyumba yake ya Kakamega imeshaezekwa, na kwamba fundi ameacha nafasi kwenye ukuta wa sebule, upana wa kabati na vidole viwili zaidi kila upande, ili mkono upite na kitambaa cha kufutia vumbi.

"Nimempa vipimo kwa kichwa," alisema. "Kabati hilo sihitaji futi. Linaendeleaje?"

"Liko salama, mama."

Nilisema hivyo nikiwa nimesimama mbele ya kabati lenyewe, Lodwar, kidole changu kimeingia hadi kwenye ukucha ndani ya ufa uliopasua ubavu wake wa kushoto kutoka juu mpaka chini.

Lilikuwa kabati la nyanya. Babu alipikia familia ya Kizungu yenye shamba upande wa Kitale, na walipofungasha na kuondoka walimwachia hilo, pengine kwa shukrani, pengine kwa sababu lilikuwa zito. Ni la mvule, rangi ya chai isiyo na maziwa. Milango yake miwili ya juu ina vioo vidogo vyekundu na vya kijani. Nyanya alipofariki, wajomba wawili walishindana hadi mmoja akapendekeza likatwe kwa msumeno, kila mtu achukue mlango wake. Mama wakati huo alikuwa karani wa serikali Lodwar. Alilipakia kwenye lori akaondoka nalo kabla ya chakula cha matanga kwisha. Nimekua nikilitazama. Alasiri jua lilipita kwenye vile vioo na kumwaga wekundu sakafuni, nami nilikuwa nikiuweka mguu wangu pale, nikiutazama ukigeuka kuwa mguu wa mtu mwingine.

Mama alipostaafu aliniachia nyumba ya kupanga na kabati. "Nikimaliza kujenga, linakuja," alisema. Nikakubali. Nilikuwa na riwaya ya kuandika na ugonjwa wa kukusanya vitu. Sijui niuiteje zaidi ya hapo. Nilikuwa na kiti cha misheni chenye mgongo wa kamba, taa ya mafuta yenye kioo kilichochorwa maua, chupa nene za kijani nilizookota Longech ambazo mchanga wa ziwa umezisugua hadi zikawa na ukungu. Nilikuwa na michoro minne ya rangi ya mafuta kutoka Kakuma, iliyochorwa juu ya turubai la hema. Kabati lilikaa katikati ya vitu hivyo kama mgeni rasmi. Kila aliyeingia nilimwambia ni la nyanya yangu. Sikuwa nasema ni la mama.

Tatizo la kwanza lilikuwa kelele. Upepo wa alasiri ukivuma Lodwar, mbao za ubavuni zilicheza ndani ya fremu zake, tiki, tiki, tiki, hadi usiku, nami nipo mezani natafuta sentensi. Mama aliishi na kelele hiyo miaka yote bila kuisikia. Mimi, nilipoanza kuandika, nilivumilia miezi mitatu. Kisha ikaja ile mvua ya ajabu iliyofanya mto Turkwel ujae hadi kingo, hewa ikawa nzito kama ya Kakamega, mbao zikavimba na kunyamaza. Nilifurahi. Nikataka zinyamaze hivyo milele.

Nikamwita fundi wa mjini, mtu wa Kitale, mmoja wa wengi waliokuja huku kwa kazi, hodari wa vitanda na milango.

"Hii walisahau kuweka gundi," alisema, akipitisha kidole kwenye mfereji ambamo ubao ulikaa. "Angalia, imeingia tu, haijashikwa na kitu. Wazungu nao walikuwa wavivu."

"Ishike basi."

Akaishika. Gundi pande zote, misumari midogo, na kwenye milango akang'oa puti ya zamani iliyoshikilia vioo, laini kama ugali, akabana vioo kwa vipande vya mbao vilivyokaza sana. Akapaka vanishi. Lilimeta. Lilinyamaza. Nikaandika sura mbili nzima.

Hapa lazima nimtaje jirani yangu, mama wa Kiturkana anayeuza maziwa, kwa sababu yeye aliniona nikikosea mara mbili na mara zote mbili alisema. Mara ya kwanza ilikuwa niliponunua kwa mamake chombo cha maziwa cha mbao, cha zamani sana, cheusi kwa moshi na mafuta. Nilikipenda, ila kilinuka. Nikakiosha kwa sabuni na maji ya moto, nikakisugua hadi mti mweupe ukaonekana, nikakiweka rafuni karibu na chupa za Longech. Baada ya wiki moja kilipasuka katikati, huku hakuna aliyekigusa.

Jirani alivishika vipande viwili, akaviunganisha, akaviachanisha.

"Ejok," alinisalimia kwanza, kwa sababu hata kunisuta lazima kuanze na salamu. "Hii ilikunywa mafuta tangu nikiwa msichana. Wewe umeipa Omo."

"Ilikuwa chafu, mama."

"Mtu wa vitabu," alisema, na akacheka mpaka akakaa chini.

Mara ya pili alikuja na maziwa, akalitazama kabati linavyometa, akapitisha kiganja juu yake.

"Mbao iko na kiu. Peana mafuta ya mbuzi."

Nilimshukuru. Sikupeana kitu. Mafuta ya mbuzi juu ya mvule wa nyanya yangu? Nilijiona naokoa kitu kutoka kwa watu wasiokijua.

Mvua ikaisha. Jua likarudi kwenye kazi yake. Mchana mmoja, nikiwa nakula, nilisikia mlio kama wa mtu aliyevunja fimbo juu ya goti. Nilitoka nje kuangalia. Nikarudi. Ubavu wa kushoto ulikuwa na mstari mweupe. Ubao ulitaka kusinyaa, na gundi ikakataa kuuachia. Siku ya tatu kioo kimoja chekundu kilipasuka ndani ya mlango. Fremu ilikuwa inajibana, na kioo hakina namna ya kupungua. Vipande vilianguka juu ya bilauri za harusi ya mama. Niliviokota vyote nikaviweka kwenye mkebe wa maziwa ya unga.

Nilizunguka Lodwar nikitafuta kioo chekundu. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alinisikiliza kwa upole.

"Nyekundu hakuna. Lakini kuna ile karatasi nyeusi ya kubandika kwa gari. Itakaa smati."

Hiyo ndiyo wiki ambayo mama alipiga simu na habari za nafasi ukutani.

Nilimjua mtu mmoja tu wa kulitibu kabati. Ni seremala kutoka Sudan Kusini, anaishi kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, anatengeneza madawati ya kanisa. Ndiye aliyenitengenezea fremu za michoro yangu. Niliwahi kumlalamikia kwamba turubai halikukazwa vizuri ndani ya fremu, akaniambia, "Wacha, sista. Lazima ipumue." Nilidhani ni kisingizio. Hakuweza kuja Lodwar bila kibali, na kupata kibali ni kazi ya mwezi. Kwa hiyo kabati ndilo lililosafiri, limelazwa chali kwenye lori la soda, limefungwa blanketi zangu zote, nami nimekaa pembeni nimelishika mguu.

Alilizunguka mara mbili. Kisha akapiga magoti mbele ya ufa, akaingiza wembe wa patasi na kugusa gundi.

"Nani alifanya hii?"

"Fundi."

"Hapana," alisema. "Fundi alishika gundi. Nani alisema ashike?"

Mkewe, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, alicheka kidogo bila kuinua uso.

Alinieleza akichora kwa kidole kwenye mchanga. Ubao mpana lazima uachwe huru ndani ya mfereji wake. Kukiwa na maji hewani unanenepa, kukiwa na jua unakonda, na mfereji unaupa nafasi. Waliolitengeneza hawakusahau gundi. Waliikataa. Ile kelele iliyonikera ilikuwa kabati linafanya kazi.

"Sasa kuna njia mbili," alisema. "Moja, nakata gundi, naachia ubao, na ufa unabaki. Unaonekana kidogo, kama kovu. Mbili, najaza ufa na mbao nyembamba, nabana, napiga randa. Hutaona kitu. Lakini itakaa hivyo, haitacheza tena. Unataka gani?"

Nilitazama ule ufa. Nilimfikiria mama akiuona.

"Nisiuone kabisa," nilisema.

"Inakaa hapa hapa, kwa hii joto?"

Swali lake lilikuwa rahisi. Mkewe aliniletea maji wakati huohuo, nikayapokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikanywa. Nilipomaliza kunywa, seremala alikuwa tayari anapekua mbao zake, amechukua kunyamaza kwangu kuwa ndiyo. Nami nikaacha iwe ndiyo. Nimejaribu mara nyingi kujishawishi kwamba nilisahau.

Alifanya kazi siku tisa, na ilikuwa kazi ya kumpigia mtu magoti. Nilipitisha kiganja pale palipokuwa na ufa, sikuhisi kitu. Mlangoni aliweka kioo cheupe, kwa sababu chekundu hata Kakuma hakikupatikana. Nikarudi nalo Lodwar, na safari hii nilimwomba jirani mafuta. Alikuja nayo kwenye kopo, akapaka mwenyewe, taratibu, kama anayempaka mtoto.

Novemba mama aliniambia kuna lori la mahindi litakalorudi tupu hadi Kakamega, nimtayarishie kabati. Nilimpigia simu seremala, nikijifanya naulizia jinsi ya kulifunga vizuri.

"Linaenda wapi?"

"Kakamega."

Nilisikia mtu anapiga msumari nyuma yake.

"Malesh, pole sista. Kule kuna mvua kila siku. Ubao utanenepa, na nafasi mimi nimejaza. Utapasua fremu nzima. Mbona hukusema?"

Nilimuuliza kama anaweza kukifungua tena kile alichojaza. Alisema anaweza, ila ubavu mzima utaharibika, itabidi mbao mpya, na hapo litakuwa kabati la mti mwingine. Hakukasirika. Ningependelea angekasirika.

Nikampigia mama siku hiyohiyo kabla moyo haujapoa. Nikamweleza mwanzo hadi mwisho, gundi, jua, kioo, Kakuma. Upande wake mvua ilikuwa inanyesha juu ya mabati mapya, ikabidi nirudie baadhi ya maneno kwa sauti.

"Kwa hiyo haliji," alisema.

"Likija litapasuka, mama."

"Huyo fundi wa Kakuma, ulimwambia linakuja kwangu?"

Nilianza kueleza habari za ufa, jinsi ulivyokuwa mbaya.

"Nimekuuliza kitu kimoja."

"Sikumwambia."

Mvua iliendelea kule kwake.

"Ungesema tu unalitaka," alisema mama. "Labda ningekupa. Labda nisingekupa. Lakini ungesema."

Nilitaka kumwambia si kweli. Nilikuwa nimeketi sebuleni, kabati limesimama mbele yangu, limenyamaza, limenona kwa mafuta, zuri kuliko vitu vyote nilivyowahi kukusanya, na halikuwa likienda popote.

"Ile nafasi nitaweka friji," alisema. "Na kioo chekundu kiko wapi?"

"Kimevunjika, mama. Nimekwambia."

"Nimesikia. Vipande viko wapi?"

"Ninavyo kwenye mkebe."

"Nitumie. Vyote."

Nilivifunga kimojakimoja kwa gazeti. Kipande cha mwisho kilikuwa kidogo kama ukucha. Nilikiinua dirishani, kikaweka doa jekundu mkononi mwangu, nikafikiria kwamba hakuna ambaye angekihesabu. Nilikaa nacho muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kisha nikakifunga pamoja na vingine.

Dereva wa lori la mahindi aliutikisa mkebe karibu na sikio.

"Ni nini hii?"

"Vioo vilivyovunjika."

"Unatuma vioo vilivyovunjika mpaka Kakamega?"

"Ndiyo. Ni vya mama."

Aliutazama mkebe, akanitazama, akauweka chini ya kiti chake.

"Basi andika jina vizuri," alisema, "wasije wakatupa."