Besi Ilivyokufa Mbele ya Wakwe

Feresita wa Bwera ni muuza nguo za mtumba, na ukipita kwenye meza yake siku ya soko utadhani hana ugomvi na mtu duniani. Anacheka na kila mteja, hata yule anayepanguapangua kila kitu na kuondoka mikono mitupu. Lakini moyoni alikuwa amemweka mtu mmoja, na hakumtoa miaka mitatu mizima. Mtu huyo ni Kosmasi, jirani yake, mwenye vyombo vya muziki vya kukodisha.

Kisa kilianza na kifo cha Nasani, mume wa Feresita. Nasani aliimba besi katika kwaya ya kanisa. Sauti yake ilikuwa nzito, akikohoa tu ng'ambo ya mto Lhubiriha ulijua ni yeye. Alipougua na kuona hatapona, alijirekodi kwenye simu: akawashukuru majirani, akawaomba radhi aliowakosea, akamaliza kwa ubeti mmoja wa wimbo. Akamwambia mkewe, "Siku yangu ikifika, watu wasinisemee. Nitajisemea mwenyewe."

Siku ikafika. Kosmasi alileta spika zake, katekista akasoma, watu wakaimba. Kabla simu ya Nasani haijaunganishwa, Kosmasi akapigiwa kutoka Katunguru. Kulikuwa na harusi huko na walikuwa wanamngoja. Akaanza kukunja nyaya.

"Baba Immy, bado sauti ya mwenyewe," Feresita alimwambia.

"Mama Docus, si simu ina spika yake? Ongezeni tu, watasikia."

Waliongeza. Nasani, mtu wa besi, akatoka mwembamba kama mbu ndani ya chupa. Waliokaa nyuma hawakushika hata neno moja. Wengine wakacheka, na mtu mzima mmoja akaziba mdomo kwa kofia yake, mabega yanamtikisika. Ndivyo Nasani alivyozikwa. Feresita alilia machozi yake yote yakaisha, ila kile kicheko hakikutoka na machozi. Kilibaki.

Mwaka wa pili alikwenda mjini Kasese, akarudi na sabufa. Ilikuwa ya bei ya chini, sanduku jeusi la mbao nyepesi na spika ndogo mbili za kuweka pembeni, na jina la kiwanda ambalo muuzaji mwenyewe alishindwa kulitamka. Binti yake Docus, aliyeolewa Kabatoro, alifikiri mama ameinunua kwa ajili ya filamu zilizotafsiriwa. Filamu aliziangalia, ni kweli, na wanawake wa jirani walikuja kuketi sakafuni kuziangalia naye. Lakini kitu cha kwanza alichokipiga kilikuwa ni ile sauti kwenye simu.

Ikatoka nyembamba vilevile. Feresita akaitazama sabufa kama mtu aliyetukanwa nyumbani kwake. Kesho yake alimwita Fidèle, fundi wa redio aliyekimbia vita kutoka upande wa Butembo.

Fidèle alipiga magoti nyuma ya sanduku, akapapasa. "Mama, hii haiyakufa. Iko inapigana na benzake hawa wadogo."

"Inapigana namna gani?"

"Hapa nyuma iko kaswichi. Ukiweka hivi, zote zinasukuma pamoja. Ukigeuza, moja inasukuma, ingine inavuta. Zinauana. Besi inakufia katikati."

Akageuza. Nasani akaingia chumbani na kifua chake chote, vikombe vikatetemeka kabatini. Fidèle akavua kofia bila kuambiwa.

"Huyu mutu alikuwa nani?"

"Bwana wangu." Feresita aliungoja ule ubeti uishe. Kisha akasema, "Hebu nionyeshe tena hiyo kaswichi."

Tangu hapo, aliyefiwa akimwomba sabufa alimpa bure, na hakuna marehemu wa upande ule aliyeachwa bila sauti. Jambo hilo lilimchoma Kosmasi. Akawa kila akipita sokoni lazima atupe neno.

"Mama Docus, ile jerikeni yako inayokohoa bado inapumua?"

"Inapumua, Baba Immy. Nasubiri uiletee dawa."

Watu walicheka na Feresita naye akacheka.

Kisha ikafika zamu ya Kosmasi kumtoa binti yake Immy aolewe. Wakwe walikuwa wanatoka Kitswamba, watu wenye mashamba na wenye maneno. Kosmasi alikuwa amejisifu mji mzima kwamba watasikia muziki mpaka kwenye mifupa. Asubuhi ya siku yenyewe, moja la masanduku yake mawili makubwa ya besi likaungua, likatoa moshi. La pili lilikuwa zima, ila limechoka, peke yake halikutosha. Akapanda kilima mpaka kwa Feresita.

Kwetu huku mtu hanyimi chombo cha sherehe wala cha msiba. Ukinyima, siku yako utabeba maiti yako peke yako. Feresita alilijua hilo, na wala hakutaka kunyima.

"Chukua," alisema. "Ila naifunga mwenyewe. Imezoea mkono wangu."

Aliiweka ubavuni mwa sanduku la Kosmasi, akaunganisha nyaya, akainama nyuma kama anayepangusa vumbi. Kidole kimoja kilitosha. Masanduku ya Kosmasi yalikuwa ya kuchongwa na seremala, hayakuwa na swichi yoyote nyuma, na mwenyewe alijifunza kazi kwa masikio tu.

Wakwe wakaingia kwa mwendo wa maringo, vikapu vichwani. Kosmasi akafungulia muziki. Ukatoka unalia kama bati lililokwaruzwa. Akaongeza sauti, makali yakaongezeka, besi hakuna. Mzee Kosiya, msemaji wa wakwe, akatega sikio.

"Samahani wenyeji, hii ni redio ya jikoni au bado tunangoja muziki?"

Hema zima likacheka. Feresita alikisikiliza kile kicheko mpaka mwisho wake.

Kosmasi alikuwa tayari yuko chini, suti mpya, magoti kwenye udongo mwekundu, anachomoa na kuchomeka. "Mama Docus, sabufa yako imekufa," alinong'ona.

"Zima la kwako kwanza, tuone."

Akazima la kwake. Besi ikaja, imejaa, nzuri. Akaliwasha, besi ikafa. Mara tatu, mbele ya macho yote.

"Mkwe," Kosiya akasema, "si uache hicho kikubwa kilale, hiki kidogo kifanye kazi?"

Safari hii hata waliobeba masufuria walilazimika kuyatua. Kosmasi alilikokota sanduku lake mpaka nje ya hema, akamtoa binti yake kwa jerikeni inayokohoa. Immy alicheza vizuri. Kwa Immy, Feresita hakuwa na neno. Alikula wali na nyama, akaongezewa, akala tena.

Kesho yake Kosmasi aliirudisha sabufa mwenyewe, ameibeba begani. "Asante, Mama Docus. Umenisitiri. Lile sanduku langu nimelipasua kwa shoka. Liliniaibisha."

Feresita hakuwa amelitarajia hilo. Nusura afurahi na kunyamaza. Lakini aibu ambayo mtu hajui ilikotoka haikumtosha.

"Lilikuwa zima," alisema. Akaigeuza sabufa, akamwonyesha kile kiswichi na kazi yake.

Kosmasi alikigeuza kwa kidole, akakirudisha. "Kwa nini?"

"Nasani aliimba besi."

Ilimchukua muda kukumbuka. Alipokumbuka, alikaa chini, kando ya mlango. "Ungeniambia tu, ningeomba radhi."

"Nilikuambia. Ulikuwa unakunja nyaya."

Kosmasi akatazama barabarani, kisha akashusha sauti. "Nani mwingine anajua?"

Feresita aliingiza sabufa ndani, akafunga mlango.

Siku ya soko iliyofuata, watu walikuwa wamejikusanya karibu na meza yake wanacheka hawajiwezi. Mbuzi wa Teopista muuza nyanya alikuwa amekula kofia ya askari wa soko. Kosmasi alitokea kwenye kona, akawaona, akasimama. Akawatazama mmoja mmoja usoni, kisha akageuka, akapita njia ya nyuma kwenye matope.

Feresita alimwona. Angeweza kumwita akamwambia kwamba ni mbuzi tu. Hakumwita.