Seli Iliyoambiwa Ikae

Kipkurui alikuwa kitinda mimba, na kwao, karibu na Kapkatet, kitinda mimba ndiye mrithi wa boma la mama: anarithi ng'ombe, shamba la majani chai, na mama mwenyewe na ukali wake. Ndugu zake waliruka mmoja mmoja kama kumbikumbi baada ya mvua. Yeye akabaki, ingawa roho yake ilikuwa Sigor, kwa fundi wa matrekta aliyekubali kumfundisha kazi kuanzia Jumatatu.

Krismasi hiyo ya 1996, kaka mkubwa, Kipsang, alirudi kutoka Uingereza alikosomea. Kipkurui alimsihi amwombee ruhusa kwa mama, naye mama akawasikia kutoka jikoni. Kipsang akamjibu bila hata kuvua koti, "Kijana, wewe kaa na mama."

Wakati wa chakula mama yao, Cherotich, akamuuliza msomi wake anasoma nini miaka hiyo yote.

"Ubongo, mama. Mtoto akiwa tumboni, ubongo yake iko na seli changa za kuzaa zingine. Zingine zinatoka, zinakuwa neva, zinaenda kazi. Lakini zikitoka zote mapema, nani atazaa? Kwa hivyo zingine zinaambiwa zikae."

"Zinaambiwa na nani?" Kipkurui akauliza.

"Na jirani. Ile imeanza kutoka, ndiyo inaambia mwenzake akae."

Kipkurui akarudisha tonge la ugali sahanini. "Inatoka yenyewe, halafu inakataza mwenzake?"

Akili nyingi huondoa maarifa. Kipsang alikuwa amenogewa na somo, hakuliona shimo mbele yake. "Kabisa! Lakini lazima zigusane. Ile ya kutoka ikienda mbali, ile imebaki haisikii tena. Na yeye anatoka."

Cherotich akaitazama mikono ya kitinda mimba wake, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa chai. Uchungu ukamshika. Hakuwahi kumuuliza mtoto huyu anataka nini.

"Kipsang, Uingereza ni mbali?"

"Mbali sana, mama."

"Basi huyu hajakusikia. Jumatatu anaenda Sigor."

Kipkurui alicheka huku machozi yanamtoka, wala hakuona haya.

"Sasa ng'ombe zitakamuliwa na nani?" Kipsang akashtuka.

Cherotich akasogea kwenye benchi mpaka bega lake likagusana na la Kipsang. "Wewe kaa, mpaka nipate kijana wa kazi. Umesikia?"

Mtaalamu wa seli akatafuta pa kusogea. Benchi lilikuwa limeishia ukutani.